Barua ya wazi: Mpango mpya wa msitu wa Arabuko-Sokoke usimsahau chozi wa Amani

Kwa Mawaziri wanaosimamia misitu na wanyamapori, Kenya na Tanzania;
Kwa wakuu wa Huduma ya Misitu Kenya na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania;
Kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi na Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Gede, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako riziki yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege.

Mpango mkuu wa kusimamia msitu huu uliandikwa mwaka 2002 kwa muda wa miaka 25. Mwaka 2027 unafikia ukomo wake, na mwingine lazima uwekwe mezani. Najua mambo ya ndovu, uzio wa umeme, kuni na mipaka yatapata nafasi katika vikao, kwa sababu yana watu wa kuyasemea. Mimi naandika kwa ajili ya ndege asiye na wa kumsemea. Ni chozi wa Amani, ndege mdogo wa vileleni mwa miti iitwayo mirihi, ambaye duniani kote anapatikana katika misitu michache tu ya Kenya na Tanzania. Ombi langu kubwa ni hili: mrihi mzee uliosimama ulindwe kwa jina lake ndani ya mpango huo, na kuupoteza kusihesabiwe kuwa kumefidiwa na miche iliyopandwa mahali pengine.

Chozi kwa jumla tunawajua. Ni wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda wanaofyonza maua ya mgomba na maua ya uani. Mitandaoni picha zao mara nyingi huandikwa kuwa ni ndege wavumaji, wale wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma. Si ndugu. Ndege mvumaji haishi porini popote nje ya mabara ya Amerika; chozi ni wa kwetu, Afrika na Asia hasa, ingawa wote wawili hunywa nekta na kubeba chavua kutoka ua hadi ua. Nalitaja hilo kwa sababu naona jinsi watu wetu wanavyoguswa na habari za ndege mvumaji aliye hatarini kule Amerika ya Kusini, wakasambaza picha yake na kuandika maneno ya huruma, ilhali huyu wa kwetu aliye katika shida ile ile hawajapata hata kusikia jina lake. Watoto wa shule zilizo kilomita chache kutoka msituni hawamjui. Hilo si kosa la watoto.

Chozi wa Amani haji uani. Urefu wake ni sentimita 8 au 9 hivi. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani kilichokolea mpaka kukaribia weusi, kinachometa jua likimpiga, na tumbo jeupe. Ubavuni mwa kifua ana vishungi vidogo vya rangi ya chungwa, ambavyo hufichika mpaka achangamke. Jike ni kijivu juu na mweupe chini, na ukimwona peke yake unaweza kudhani ni ndege wa kawaida tu. Hushinda juu kabisa, akipekua majani na vijiti kutafuta wadudu, viwavi na buibui, na mara nyingi hufuatana na kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaopita vileleni pamoja. Kumwonyesha mgeni ni kazi ya shingo. Unasimama mchangani, darubini imeelekea juu, kimya. Kisha unasikia vilio vyembamba vikija kutoka upande mmoja, majani yanaanza kutikisika, na una dakika chache kabla kundi halijavuka kwenda miti mingine. Wageni wamevuka bahari kwa ajili ya dakika hizo. Nimeona watu wazima wakishikana mikono kwa furaha baada ya kumwona.

Sayansi ilimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1935, kwa mikono ya William Sclater na Reginald Moreau. Moreau alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ndiyo maana ndege huyu anaitwa hivyo. Baadaye alijulikana pia hapa Arabuko-Sokoke na katika milima ya Udzungwa. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, limemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka.

Waheshimiwa, niwaombe sasa mtulie nami kidogo kwenye habari ya mti, maana kesi ya chozi yote imo ndani ya mti.

Arabuko-Sokoke ina takriban kilomita za mraba 420, na ndicho kipande kikubwa zaidi kilichosalia kikiwa kimeshikana cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Ukiutazama kwenye ramani unaonekana kama doa moja la kijani, lakini anayetembea humo anajua ni misitu mitatu iliyolala ubavu kwa ubavu. Mashariki, kuelekea barabara ya Mombasa na Malindi, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna miti iliyosongamana ya jamii ya Cynometra, na humo ndimo bundi mdogo wa Sokoke anamolala mchana. Katikati umepita ukanda wa mchanga mweupe, na juu ya mchanga huo imesimama mirihi. Ukanda wa mirihi ni takriban hekta 7,700. Kwa hiyo afisa akiandika katika ripoti kwamba chozi wa Amani analindwa ndani ya msitu wa hekta 42,000, ameandika hesabu ya msitu, hajaandika hesabu ya ndege. Ndani ya msitu huu, chozi huyu ana huo ukanda.

Mrihi una namna yake ya kuishi. Mchanga ule mweupe hauna rutuba. Ukipanda mahindi hapo utavuna majuto. Mrihi umeweza kukua humo kwa sababu mizizi yake inashirikiana na kuvu walio ardhini: kuvu huupa mti maji na madini ambayo mizizi peke yake isingeyafikia, na mti huwapa kuvu sukari inayotengenezwa na majani. Ushirika huo haupatikani kwenye kifuko cha plastiki cha kitaluni kilichojazwa udongo wa shambani. Ukitaka mche wa mrihi uwe na nguvu, ni lazima uuanzishe na udongo uliotoka chini ya mirihi yenyewe. Isitoshe, mrihi hausambazi mbegu mbali. Maganda yake yakikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mita chache tu kutoka kwa mti mama. Hazipeperuki kama mbegu zenye pamba, wala si matunda ambayo ndege au tumbili atayabeba hadi bonde la pili. Mahali mirihi ilipokatwa yote, hakuna kitu cha kuirudisha isipokuwa mkono wa mtu mwenye subira ya miaka mingi. Na hata huo mche ukishika, chozi hautaki bado. Anataka kilele kipana, cha mti uliokomaa, chenye matawi ya kutosha wadudu na buibui.

Hayo nayasema kwa sababu nimekutana na visiki. Nikiwa na wageni, kwenye njia niliyoizoea, niliona juu kuna mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Tuliingia hatua chache. Kisiki kilikuwa kimefunikwa kwa matawi mabichi, mtu akipita haraka asikione. Unga wa msumeno ulikuwa bado na unyevu, wa rangi ya kahawia nyekundu, umetapakaa juu ya mchanga mweupe. Gogo lilipasuliwa pale pale. Kilichobaki ni magome na vipande vya ubavuni, na alama za tairi za pikipiki zikielekea nje. Mgeni mmoja aliniuliza mti ule ulikuwa na umri gani, nami sikuwa na jibu la kumfariji. Simtaji wala simshuku afisa yeyote. Walinzi ninaokutana nao msituni wanafanya kazi ngumu kwa miguu, kwenye eneo kubwa kuliko idadi yao. Ninachosema ni kwamba mti mmoja wa aina hiyo ukiondoka, ni sehemu ya makao ya ndege huyu iliyoondoka, na hakuna daftari la serikali ninalolijua linaloandika upotevu huo kwa namna hiyo. Kwenye daftari ni mbao zilizokamatwa, au hazikukamatwa.

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi juu ya kampeni ya kupanda miti. Serikali ya Kenya imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa mapumziko ili watu wapande miti, na nami nilipanda, na sijuti. Ardhi iliyokwanguliwa inahitaji miti. Lakini angalieni miche inayogawiwa hapa pwani: mivinje, mikaratusi, miarobaini. Inakua haraka, inahesabika vizuri, na picha ya kiongozi akiwa na jembe inapendeza. Hakuna chozi wa Amani atakayehamia kwenye shamba la mivinje. Tukipoteza mrihi mmoja na kupanda mivinje mia, hesabu ya taifa inaonyesha tumepata faida ya miti 99, na msitu unaonyesha hasara. Katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kifungu hicho hicho kinaitaka pia ilinde uanuwai wa viumbe. Hilo la kwanza tumelifanya wimbo wa taifa. Hilo la pili tumelinyamazia.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alipenda kusimulia hadithi ya ndege mvumaji: msitu unaungua, wanyama wakubwa wamesimama wakitazama, naye anachota tone moja moja la maji kwa mdomo wake kwenda kuuzima moto. Viongozi wengi wameirudia hadithi hiyo siku za kupanda miti. Naomba ikumbukwe kwamba katika hadithi hiyo ndege hapandi chochote. Anaokoa msitu uliopo. Ndivyo Profesa mwenyewe alivyofanya katika msitu wa Karura, Nairobi: Januari 1999 alipigwa akaumia kichwani kwa kutetea miti iliyokuwa imesimama, wakati ardhi ya msitu ilipokuwa imegawiwa watu binafsi. Karura ipo leo kwa sababu hiyo. Nawaomba muupe mrihi utetezi wa namna hiyo, kwa kalamu zenu, kabla haujafikia hatua ya watu kuumizana.

Wala msidhani sisi wa ukingoni mwa msitu ni wagumu wa kuelewa. Historia ya hapa inasema vingine. Kulikuwa na wakati majirani wengi waliutaka msitu huu ukatwe wagawiwe mashamba, na sababu zao zilikuwa za haki: nyani na ndovu wanakula mazao, ardhi ni finyu, na msitu hauwapi kitu. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo hapo Gede. Wakulima wakafuga vipepeo na kuwauza wakiwa bado kwenye vifuko vyao, wakasafirishwa hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Pesa zikaingia kwenye nyumba za watu, na baada ya miaka michache idadi ya waliotaka msitu uondolewe ilishuka sana. Shirika la A Rocha Kenya, kupitia mpango wake wa ASSETS, limekuwa likilipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu, kwa fedha zinazotokana na utalii wa mazingira. Wachongaji wa pwani, waliokuwa wakitegemea muhuhu, wengi wamehamia mwarobaini, mti ambao umejaa kila mahali na hauhitaji kuvunja sheria. Mwaka 2014, mpango wa kutafuta mafuta na gesi ulipotaka kuingiza mitambo msituni, wanakijiji, wanasayansi na mashirika walipinga kwa sauti moja, na shughuli ile msituni ikasimama. Kaskazini yetu, Dakatcha, mashamba makubwa ya mbono kaburi kwa ajili ya mafuta ya magari yalikataliwa pia. Watu wa Kilifi wakielezwa jambo wanalielewa, na wakilielewa wanalisimamia.

Lakini subira ya watu ina kikomo, na nasema hili kwa uchungu. Mama anayeamka akute ndovu wameangusha minazi yake na kula mihogo yote hawezi kuambiwa habari za chozi siku hiyo. Fidia inayochelewa miaka ni sawa na fidia isiyokuwapo. Kijana asiye na kazi, aliyepewa pesa za siku moja ili abebe mbao kwa pikipiki usiku, si adui wa msitu. Amenunuliwa kwa bei rahisi kwa sababu hakuna aliyempa bei nyingine. Anayenunua mbao hizo mjini ndiye anayefaa kutafutwa, na huyo hakai kijijini kwetu. Mnaponiuliza nani atamlinda chozi, nawajibu: ni yule kijana, akiajiriwa kuwa skauti wa msitu kwa mshahara wa kila mwezi badala ya posho ya semina. Anazijua njia zote, zikiwamo zile ambazo walinzi hawazijui.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imevipa vyama vya jamii vya misitu nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Hapa kwetu vyama hivyo vipo, pande za Gede, Jilore na Sokoke. Kwenye karatasi wao ni washirika. Wapeni basi sehemu ya mapato ya kiingilio inayojulikana na kutangazwa, ili mwenyekiti wa chama aweze kusimama mbele ya wanachama na kusema mwezi huu wageni walikuwa wangapi na pesa zimekwenda wapi. Magofu ya Gedi yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Wageni wataongezeka, na msitu uko jirani kabisa. Mgeni anayekuja kuona mji wa kale anaweza kulala usiku mmoja zaidi ili aamkie msituni, ikiwa kuna waongozaji waliofunzwa, njia zinazopitika na mirihi iliyosimama.

Sasa nageuka kwa ndugu zetu wa Tanzania, kwa sababu ndege huyu hana pasipoti moja.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ni heshima kubwa kwa nchi yenu kwamba msitu ule umewekewa ulinzi wa daraja la juu. Wanaoujua wanasema hakuna ndege wanaoimba alfajiri kama wa Usambara, nami nawaamini. Lakini Usambara Mashariki nako kuna mashaka yake. Kuna mihesi iliyoletwa zamani ambayo imesambaa ndani ya msitu asilia na kushika nafasi ya miti ya pale. Kuna kilimo cha iliki, ambacho kwa miaka mingi kilisafisha miche ya chini na kuacha miti mikubwa ikizeeka bila warithi. Mwaka 2003 na 2004 watu walimiminika kuchimba dhahabu mpaka ndani ya msitu na kwenye vijito. Na kule Derema, wakulima wa iliki walipoondolewa ili kuunganisha vipande vya msitu, malalamiko kuhusu fidia na ardhi mbadala yaliendelea muda mrefu. Kuunganisha misitu lilikuwa jambo sahihi kabisa, na chozi ni mmoja wa wanaonufaika. Lakini mkulima aliyetoa shamba lake kwa ajili ya ndege anastahili kulipwa kwanza, kisha ndipo apewe hotuba. Maji ya mto Zigi yanayotoka katika milima hiyo ndiyo yanayonywewa Tanga mjini, kwa hiyo mkulima huyo ametoa kwa ajili ya watu pia.

Ndege wawili wanatuunganisha kwa namna ya pekee. Bundi wa Sokoke yuko hapa Arabuko-Sokoke na yuko kwenye vitako vya milima ya Usambara Mashariki. Chozi wa Amani yuko huku na yuko huko, pamoja na Udzungwa. Kati yetu na Usambara kuna mwendo wa siku moja kwa gari, lakini kati ya mipango yetu naona bahari. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 una sura nzima ya ushirikiano katika mazingira na maliasili. Kwa ndovu na nyumbu wanaovuka mpaka, maafisa wa nchi mbili hukutana. Kwa chozi asiyevuka mpaka, lakini aliye na makao pande zote mbili, sijaona meza hata moja. Naomba meza hiyo iwekwe, na kazi yake ya kwanza iwe sensa: wahesabuji wa Kilifi na wa Muheza, wilaya iliko Amani, wafunzwe pamoja, watumie mbinu moja, wahesabu katika msimu mmoja, na warudie kila baada ya miaka michache. Bila hivyo, kila upande utaendelea kujipa moyo kwamba ndege yupo tele kwa jirani.

Turudi kwenye mpango wa 2027. Naomba ukanda wa mirihi uchorwe kama eneo lake lenyewe, na ndani yake kusiwe na kibali cha kukata mrihi kwa jina lolote: iwe mbao, iwe nguzo, iwe kupanua njia. Kila mrihi mkubwa ulioangushwa, uwe umeangushwa na mtu au na upepo, uandikwe mahali ulipokuwa na tarehe, na orodha hiyo isomwe hadharani kila mwaka. Kitalu cha mirihi kianzishwe pembezoni mwa ukanda huo, kwa mbegu na udongo wa pale pale, kikisimamiwa na vikundi vya akina mama wa vijiji vya jirani na kulipwa kwa miche iliyoshika, si kwa miche iliyopandwa mbele ya kamera. Najua itachukua miaka kabla hatujaona matokeo. Ndiyo sababu ya kuanza sasa. Na mpaka wa msitu usiguswe. Kila kipande kinachokatwa kwa ahadi kwamba ni kidogo tu huwa mlango wa kipande kinachofuata.

Ombi langu la mwisho linahusu lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Hata hivyo nyaraka za msitu huu ninazoletewa na watafiti na wageni wangu ni za Kiingereza, nene, zenye maneno ambayo hata mimi ninayefanya kazi hii kila siku hunichukua muda kuyapambanua. Mzee wa Jilore aliyezaliwa kabla ya uhuru, anayekumbuka mirihi ilipokuwa inafika wapi, hawezi kuchangia mpango asioweza kuusoma. Rasimu itoke kwa Kiswahili, isomwe katika mabaraza ya Gede, Jilore na Sokoke, na watu wapewe wiki za kutosha kuijibu kabla haijatiwa sahihi. Tanzania, ambako kazi za serikali zinaandikwa kwa Kiswahili, inaweza kutusaidia hata kwa hilo.

Mkipanga tarehe za mabaraza hayo, tangazeni mapema kupitia machifu na redio za pwani. Tutakuja. Na yeyote miongoni mwenu atakayetaka kumwona chozi huyu kabla ya kuamua, afike Gede jioni, alale, tuingie msituni kabla jua halijawa kali. Avae viatu vya kutembelea mchangani, darubini nitamwazima.

Wenu katika huduma,

Mwongozaji wa watazamaji ndege,
Gede, Kaunti ya Kilifi